Miaka Iliyouzunguka Moyo

1

Kwa miaka saba Tumpale Sanga alikuwa akisoma mioyo ya watu, na bado hakuwa ameizoea ile dakika ya kwanza. Mgonjwa alilala chali, pete ya mashine ikaanza kumzunguka kifuani ikinguruma kwa sauti ya chini kama mzinga wa nyuki, na kwa sekunde kumi hivi hapakuwa na kitu. Kisha, juu ya kitanda, katika hewa tupu, moyo ukatokea. Haikuwa picha ya kuchorwa. Ulikuwa moyo wa mtu yuleyule, uliotengenezwa kwa mwanga, mkubwa kama mtungi wa maji, ukidunda pigo kwa pigo na ule uliokuwa kifuani chini yake. Kama Tumpale alikuwa katikati ya maneno, aliyakatiza. Wenzake walimtania kwamba anasali. Hakuwabishia.

Watu wa Makete waliiita mashine ile Kisomamoyo, na jina lililoandikwa na waliokiunda likasahaulika. Kazi yake ilikuwa kupima mafuta. Kila moyo una mafuta kidogo yanayouzunguka, na unayahitaji. Ni mto wake wa kuegemea na akiba yake ya chakula. Lakini kwa watu walioishi na virusi vya Ukimwi miaka mingi, mafuta hayo yalizidi. Dawa za kufubaza virusi ziliwarudishia maisha, virusi vikalala, vipimo vya damu havikuviona tena, na hata hivyo mwili uliendelea kupigana na adui aliyelala, kwa moto mdogo usiozimika. Moto huo ulirundika mafuta kuuzunguka moyo, nayo yakaibana mishipa ileile inayoulisha. Ndiyo maana watu waliokunywa dawa bila kukosa hata siku moja walikuwa wakianguka ghafla wakiwa na miaka hamsini au sitini, shambani, sokoni, kanisani. Mama yake Tumpale alianguka kwenye shamba la viazi akiwa na hamsini na mbili. Hakuna aliyewahi kumpima moyo.

Kilichowashangaza hata waundaji wa mashine ni kwamba mafuta yale yalikuwa na matabaka. Kila aina ya dawa ilikuwa imeacha alama yake humo. Mwaka wa njaa ulikuwa mstari mwembamba, mwaka wa mavuno mstari mnene. Na chini kabisa, pale yote yanapoanzia, palikuwa na tabaka la kwanza, alama ya zile wiki ambazo mwili ulikutana na virusi kwa mara ya kwanza. Kisomamoyo kiliweza kuutaja mwaka wake. Kikikosea, kilikosea kwa miezi mitatu.

Uwezo huo ulileta balaa mwanzoni. Watu walipigana, ndoa zilivunjika, kesi zilijaa mahakamani, ndugu wakawalaumu hata waliokwisha kuzikwa. Ikatungwa sheria. Tangu hapo kilichohifadhiwa ni unene wa mafuta tu, kwa milimita. Taswira yenyewe ilifutwa mgonjwa akishatoka kituoni, na miaka ya matabaka ilisomwa kwa yule tu aliyeomba kwa maandishi, siku hiyohiyo, kabla ya tiba. Kwa kuwa tiba nayo ilifuta. Sindano moja, saa moja chini ya pete, na mafuta yaliyozidi yakayeyuka pamoja na kila kilichokuwa kimeandikwa ndani yake.

Watu wengi hawakuomba. Mzee Obadia Tweve aliomba.

2

Walifika asubuhi ya Juni, nyasi zikiwa bado zimepauka kwa barafu ya alfajiri na ukungu umekaa madirishani. Mzee Obadia alikuwa na miaka sabini na tisa, mrefu, mikono yake minene ya seremala. Mkewe, Bi Melania, sabini na mitano, alikuwa mfupi, kajifunga vitenge viwili juu ya sweta, na alitembea akichechemea kwa mguu wa kushoto.

"Shikamooni," Tumpale aliwasalimu.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bi Melania. "Hiyo mashine yenu inauma?"

"Haiumi, mama. Inanguruma tu."

"Basi nianze mimi. Huyu mzee ataanza na maswali, tutalala hapa."

Tumpale alizitazama fomu zao. Penye swali kuhusu kusomewa miaka ya matabaka, fomu zote mbili zilikuwa na alama ya ndiyo, na ilionekana mkono uliotia alama ulikuwa mmoja.

"Mama, na wewe umekubali hili?"

"Mimi sina haja nalo. Mzee ndiye anayetaka. Nimemwambia sawa."

"Baba, naomba nijue unatafuta nini," Tumpale alisema. "Si lazima unijibu."

Obadia alivua kofia yake ya sufu akaishika mapajani. Aliongea polepole, kama mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi.

"Mimi ndiye niliyeuleta ugonjwa nyumbani kwetu. Mwaka elfu mbili na nne nilipeleka mbao Tunduma, nikakaa wiki tatu, nikafanya mambo ya kijinga. Mwaka uliofuata nikaugua, tukapimwa, mwenzangu naye akakutwa nao. Nilisimama mbele ya kanisa nikasema kwa mdomo wangu. Nimemwomba msamaha miaka arobaini na saba. Lakini sijawahi kukiona kwa macho kitu nilichomfanyia. Nimesikia mashine hii inaonyesha. Nataka uniambie, ni hapa, Obadia, ndipo ulipomwekea. Nikiuona mwaka wenyewe ndani ya moyo wake, nadhani nitaweza kufa vizuri."

"Ameanza," alisema Bi Melania, lakini hakusema kwa ukali. Alimshika mumewe mkono, akaupiga kofi dogo, kisha akainuka kuelekea chumba cha mashine.

Tumpale aliwafahamu kwa sifa. Nani hakumfahamu Mzee Obadia? Baada ya kupata nafuu alijitolea kusambaza dawa. Alivuka kwa miguu vilima vya Kitulo, mvua au baridi, akiwapelekea watu walioona haya kuonekana kliniki. Alifanya hivyo miaka thelathini. Kulikuwa na vijiji vilivyokuwa na watoto wanne au watano waliopewa jina lake.

3

Moyo wa Bi Melania ulipotokea hewani, Tumpale alisogea hatua moja karibu zaidi.

Alikuwa ameona mioyo maelfu. Huu ulikuwa umefungwa ndani ya mafuta yenye unene wa milimita kumi na tatu, hatari kubwa, mshipa wa mbele umebanwa hadi ukabaki kama uzi. Hilo lilimtia hofu. Lakini alipogusa kidhibiti ili matabaka yatengane, mshangao uliishinda hofu. Yalifunguka moja baada ya jingine kama maganda ya kitunguu, kila moja na rangi yake, njano ya asali, shaba, kijivu cha majivu, njano tena. Pale palikuwa na dawa za mwanzo kabisa, zile zilizokuwa zikinyausha mashavu ya watu. Hapa mistari miwili minene iliyokaribiana, miaka ya kunyonyesha, maana walikuwa na mabinti wawili, wote bila virusi. Hapa mwaka mmoja mwembamba sana, wa viazi kuoza ardhini wilaya nzima. Nusu karne na zaidi, na chini yake msuli mwekundu ukijikunja na kujikunjua bila kuchoka, mara laki moja kwa siku, ukiubeba mzigo wote ule juu yake.

"Ndio mimi huyo?" aliuliza Bi Melania, amelala anautazama juu.

"Ndio wewe, mama."

"Sikujua kwamba unafanya kazi hivyo. Ningekuwa nauambia pole."

Tumpale akashuka hadi tabaka la kwanza. Kisomamoyo kikaandika mwaka pembeni kwa tarakimu ndogo za kijani.

2000.

Akadhani ameshuka zaidi ya mahali pake. Akarudia. 2000, mwezi wa tano, ukitoa au kuongeza miezi mitatu. Na chini ya tabaka hilo palikuwa na kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa mgonjwa mwingine, uzi mwembamba wa rangi ya kutu uliozunguka nusu ya moyo. Mashine iliandika neno moja kuuhusu: chuma.

Alimwinua Bi Melania, akamwita Obadia. Taswira ya mkewe aliihamishia pembeni, ikaendelea kudunda kimya gizani nyuma ya pazia. Moyo wa mzee ulikuwa na afueni, milimita saba. Aliyafungua matabaka haraka, na alijua anachokitafuta, na alitamani asikikute.

2002, mwezi wa kumi na moja.

Fomu ilisema walifunga ndoa Juni 2002. Tunduma ilikuwa 2004. Ugonjwa ule huchukua miaka kabla ya kumwangusha mtu. Obadia aliugua mwaka mmoja tu baada ya safari yake, na katika watu wote waliomsikia akiungama, hakuna aliyekaa akahesabu.

"Umeuona?" aliuliza mzee kutoka kitandani. Macho yake yalikuwa juu, yamejaa mwanga wa moyo wake mwenyewe. "Ni wapi?"

"Nipe muda nihakiki, baba," alisema Tumpale. "Nisije nikakusomea vibaya."

4

Dokta Zabron Luvanda, mkuu wa kituo, alimsikiliza hadi mwisho akiwa amesimama dirishani. Alikuwa mtu wa miaka sitini, mwenye kuongea kwa uangalifu, aliyeziona zile kesi za mwanzo kwa macho yake.

"Mama anahitaji tiba leo," alisema. "Mshipa ule hausubiri."

"Najua, daktari."

"Na tiba itafuta. Kufikia saa nane hakutakuwa na tabaka la mwaka elfu mbili wala la mwaka mwingine. Hakuna atakayeweza kupima tena." Aligeuka. "Mwambie tabaka la chini halikusomeka. Hutokea. Mafuta ya zamani huchanganyika."

"Haya hayakuchanganyika."

"Wewe na mimi tu ndio tunaojua."

"Ameomba kwa maandishi."

"Ameomba kuonyeshwa kosa lake, Tumpale. Sasa unataka kumwonyesha kwamba si lake, na wakati huohuo umwonyeshe ni la nani. Huwezi kumtua yeye bila kumtwika mkewe. Mama ana miaka sabini na mitano, moyo wake umebanwa kama unavyouona. Unataka aingie kwenye tiba na habari hiyo?"

Jambo lililomsumbua Tumpale ni kwamba daktari alisema kweli. Akinyamaza, wale wawili watarudi nyumbani kama walivyokuja, na wamezoea kuishi hivyo. Mzee atakufa akiamini uongo, lakini uongo huo ulimfanya mtu ambaye wilaya nzima ilimheshimu. Akisema, ataondoa jiwe kwenye kifua kimoja na kuliweka kwenye kingine, tena kilicho dhaifu zaidi. Na yeye ni nani hata afanye hivyo? Ni msomaji. Anasoma milimita.

Lakini ndani ya saa tatu ukweli ule ungeyeyuka, na usingekuwepo tena mahali popote duniani. Aliwaza hilo na likamtisha kuliko yote. Aliwaza pia kwamba yeye na daktari walikuwa wamesimama hapo wakiamua juu ya moyo wa mtu aliyeketi chumba cha pili, mzima, mwenye akili zake, anayengoja.

"Wewe ungefanyaje?" alimuuliza daktari.

"Ningenyamaza. Nimewahi kusema mara moja, mwaka wa kwanza. Sitaki kukuhadithia."

"Moyo ni wake," Tumpale alisema. "Nitamuuliza yeye kwanza. Akisema ninyamaze, nitanyamaza."

Dokta Zabron alirudi dirishani. Hakumkataza.

5

Bi Melania alikuwa peke yake, anakunywa uji. Obadia alikuwa ametoka kuota jua, ambalo lilikuwa limeanza kuutoboa ukungu. Tumpale alifunga mlango akaketi karibu naye.

"Mama, kuna swali nataka kukuuliza. Uliwahi kuongezewa damu?"

"Ee. Zamani, nikiwa msichana." Aligusa mguu wake wa kushoto. "Nilianguka kutoka kwenye lori la pareto. Mfupa ulitoka nje. Walinipeleka hospitali fulani ya mbali, nilikuwa kama nimekwisha kufa."

"Mwaka gani?"

"Elfu mbili. Kabla ya Pasaka."

Tumpale alimweleza. Alitumia maneno machache aliyoweza kuyapata, na hakuficha mwaka wala mwezi, wake na wa mumewe. Alimwambia kuhusu ule uzi wa chuma, chuma cha damu ya mtu mwingine. Alimwambia kwamba baada ya tiba hakuna atakayejua kamwe, na kwamba uamuzi ni wake.

Bi Melania aliweka kikombe chini. Hakulia. Alikuwa kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Chupa ilikuwa bado ya moto," alisema mwishowe.

"Chupa gani, mama?"

"Ya damu. Walinining'inizia, ikagusa mkono wangu kabla hawajaipandisha, nikahisi ina joto. Ilikuwa imetoka mwilini mwa kaka yangu muda uleule. Yohana. Hawakuwa na damu nyingine, na siku hizo vifaa vya kupimia viliisha, watu wakawa wanaangalia tu kama mtu anaonekana mzima. Yohana alikuwa anaonekana mzima. Alikuwa mtu mwenye nguvu sana. Alinitania akasema, sasa utakuwa mkaidi kama mimi." Alikisogeza kikombe pembeni. "Alikufa miaka minne baadaye. Kifua. Hatukuelewa. Yeye mwenyewe hakuelewa."

Nje walimsikia Obadia akisalimiana na mlinzi.

"Mama, naweza kunyamaza," Tumpale alisema. "Naweza kumwambia mzee kwamba haikusomeka."

"Na mimi nirudi nyumbani nikamtazame kila asubuhi akiniomba msamaha?" Alisema kwa utulivu. "Wakati sijui, niliweza. Sasa najua."

"Itakuwa zamu yako kuubeba mzigo."

"Binti yangu, kubeba nini? Yohana alitoa damu yake nisife. Mimi niliolewa na mtu niliyempenda, nikazaa naye. Obadia alifanya ujinga wake Tunduma, nao haukumwambukiza mtu. Nitafute mkosaji nimpate wapi? Nimlaumu Yohana?" Aligusa tena mguu wake wa kushoto. "Kama asingenipa, ningekufa nina miaka ishirini na mbili. Haya yote yasingekuwepo. Mwite mzee."

6

Tumpale aliziweka taswira zote mbili katikati ya chumba, bega kwa bega. Obadia aliketi. Bi Melania alibaki amesimama, mkono juu ya bega la mumewe.

"Anza na wake," alisema.

Tumpale aliyafungua matabaka ya moyo wa mzee, akateremka taratibu, akisoma miaka kwa sauti ili mzee amfuate. Alipofika chini alisema, "Tabaka la kwanza, baba, ni mwezi wa kumi na moja, mwaka elfu mbili na mbili."

Obadia alihesabu kwa vidole. "Mashine imekosea. Tunduma nilikwenda elfu mbili na nne."

"Hukosea miezi mitatu. Haikosei miaka miwili."

"Sasa wangu," alisema Bi Melania.

Moyo wa pili ukafunguka. Mzee alisogea mbele kitini, na Tumpale akaona uso wake ukibadilika jinsi alivyobadilika yeye asubuhi ile, mdomo ukiachama kidogo, macho yakisahau kupepesa. Alikuwa ameishi na moyo ule miaka hamsini na mmoja, amelala kando yake akiusikia, na hakuwahi kuuona. Matabaka yalipita. Tumpale alisoma. Alipofika mwaka elfu mbili, alisimama.

"Mwaka elfu mbili sikukujua," alisema Obadia.

"Hukunijua," alijibu mkewe. Akamweleza habari ya lori, na chupa, na Yohana, akimwonyesha kwa kidole ule uzi wa rangi ya kutu. Obadia alimkumbuka Yohana. Ndiye aliyekuwa amemkabidhi bibi harusi kanisani.

Mzee aliinuka. Alikwenda hadi kwenye ile mianga miwili akaingiza mkono wake mmoja ndani ya moyo wa mkewe, polepole, kama anayeingiza mkono kwenye maji asiyojua kina chake. Moyo uliendelea kupiga kuuzunguka mkono ule wa seremala. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Tunduma nilikwenda," alisema. "Hilo lipo palepale."

"Lipo. Hilo nilikusamehe mwaka uleule. Lilikuwa dogo kuliko ulivyolifanya."

"Nimeamini miaka arobaini na saba kwamba nakuua polepole."

"Na mimi leo nimeambiwa ni mimi niliyekuambukiza. Mbona tuko hapa tunaongea?"

Obadia aliutoa mkono. Alipogeuka, alikuwa na sura ambayo Tumpale hakuitarajia. Hakuonekana ametuliwa mzigo. Alionekana amepotea.

"Melania, zile safari zangu. Kule Kitulo. Miaka thelathini. Nilikwenda kwa ajili ya kosa ambalo halikuwepo."

"Watu waliokuwa wakizingoja zile dawa walikuwepo," alisema Bi Melania.

Mzee alimtazama. Kisha akakalia ukingo wa kitanda cha mashine, akafunika uso kwa kofia yake, na mabega yake yakaanza kutikisika. Bi Melania aliketi kando yake na kumwacha alie. Mara moja tu alimnong'oneza kitu kwa Kikinga, lugha ya kwao, na mzee akatikisa kichwa kukubali. Tumpale alitaka kuwapisha, lakini hakuweza kuondoka. Mlangoni, Dokta Zabron alikuwa amesimama, mikono mfukoni. Hata yeye aliitazama ile mioyo miwili na si watu.

Baada ya muda Obadia alipangusa uso. "Akipata sindano," alimuuliza Tumpale, "na alama ya Yohana inayeyuka?"

"Inayeyuka, baba. Iko ndani ya mafuta yanayobana mshipa."

Mzee akamgeukia mkewe.

"Iyeyuke," alisema Bi Melania. "Alinipa niishi. Hakunipa nimtunzie."

7

Sindano ilichomwa saa saba mchana. Jua lilikuwa limeshinda, na nje maua meupe ya pareto yalionekana hadi kwenye msitu wa misonobari. Obadia aliomba abaki chumbani, akapewa kiti. Kwa nusu saa alimshika mkewe mkono. Kisha, kwa uchovu wa siku ile, akasinzia, kidevu kifuani, bila kuuachia.

Tumpale alisimama kwenye vidhibiti, macho juu. Alikuwa amefanya tiba hii mara nyingi na kila mara huangalia namba. Leo aliangalia matabaka. Yalianza kuondoka ya nje kwanza. Miaka ya uzee iliyeyuka kama ukungu wa asubuhi ile, bila sauti, ikifuatiwa na miaka ya wajukuu. Dawa za kisasa zikaisha, zikafuata za kabla yake. Ile mistari miwili ya kunyonyesha ilimetameta kidogo, ikatoweka. Mshipa wa mbele, uliokuwa kama uzi, ulianza kutanuka, na Tumpale aliiona damu ikipenya humo kwa nguvu mpya, pigo la kwanza, la pili, la tatu, hadi msuli mzima ukabadilika rangi. Milimita tisa. Milimita sita. Alijikuta akiwaza juu ya kijana mmoja mwenye nguvu, aliyelala kwenye kitanda cha hospitali zaidi ya nusu karne iliyopita na kunyoosha mkono wake, akiwa na haraka, akitania, asijue alichokuwa nacho ndani yake wala alichokuwa anakitoa. Mauti na uhai katika chupa moja yenye joto. Na huyu hapa mwanamke aliyepokea vyote viwili, akavilea vyote viwili, na bado yupo.

Tabaka la kwanza liliondoka saa saba na dakika hamsini. Ule uzi wa kutu ulibaki peke yake kwa muda mfupi, kisha nao ukakatika vipandevipande, ukaingia kwenye damu na kwenda zake.

Milimita tatu. Kama ya msichana.

Pete ilipunguza mwendo, ikasimama. Bi Melania alifumbua macho, akautazama mwanga uliokuwa ukidunda juu yake.

"Mbona umekuwa mdogo," alisema kwa sauti ya chini, ili asimwamshe mzee. "Kumebaki nini sasa?"

Tumpale alitafuta neno la kitaalamu, akaliacha.

"Umebaki moyo, mama."